"Leo miye siingie"

Kwenye mashimo ya Bunyakiri kuna amri moja ambayo leta haikuiandika wala mwami hakuitangaza: fanya kama benzako. Bote bakiingia, unaingia. Bote bakikunywa, unakunywa. Ukikataa, unabandikwa jina siku ileile, na jina la kwenye shimo halitoki upesi. Tunataka kuzungumza juu ya amri hiyo kwa sababu inaua watu na inakula minervali ya watoto. Tena nchi hii ilikwisha kuona amri ya namna hiyo, ile ikitoka juu kabisa.

Wazee wetu wa Bulambika na Hombo wanakumbuka vizuri. Oktoba 1971 nchi iligeuzwa jina, ikaitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 raia waliambiwa waache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Tai zikakatazwa, wanaume wakavaa abacost, "monsieur" na "madame" wakageuka "citoyen" na "citoyenne". Yote hayo yaliitwa kurudia asili, kuwa mtu wa kweli.

Tusidharau: kulikuwa na ukweli ndani yake. Mkoloni aliyadharau majina yetu, na kuyaandika kwenye karatasi za leta bila haya lilikuwa jambo jema. Lakini asili ikiagizwa kutoka Kinshasa, na chama kimoja kikihakikisha kila mtu anaivaa, inakuwa yunifomu kama yunifomu nyingine. (Na abacost yenyewe, wengi waliona inafanana sana na koti la Mao.) Aliyeipinga hakuwa mpenda wazungu. Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alikuwa amepigania muda mrefu kanisa lisali na kuimba kikwetu. Ni yeye aliyekosana na Mobutu, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa mwaka 1972. Alikuwa amechagua Uafrika wake mbele ya amri, kwa hiyo hakuona sababu ya kuamrishwa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na akaruhusu tai. Zilirudi shingoni upesi kabisa, kana kwamba zilikuwa zinangoja sandukuni. Lakini majina ya mababu hayakuondoka. Watu waliyapa watoto, wajukuu wanayo hadi leo, na hakuna askari anayeyalinda. Kile ambacho watu walikuwa wamekipenda kweli kilibaki, kingine kikaanguka pamoja na woga.

Sasa tuteremke shimoni. Asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, udongo umelowa. Kijana anaangalia ile miti inayoshikilia kuta, anaona mmoja umeinama. Anajua. Lakini nyuma yake sauti inasema: "Bote banaingia, weye unabakia juu ya nini? Uko muoga?" Basi anaingia. Hakuna polisi hapo, hakuna chama. Kuna kicheko tu, na kicheko kinatosha.

Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilishusha maji na udongo ndani ya mashimo ya dhahabu, na watu makumi wakafa. Hatuwahukumu waliokufa. Tunasema tu kwamba kila mchimbaji wa hapa anajua asubuhi za namna hiyo. Sheria inasema shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30. Nani kati yetu hajui shimo lililopita hapo?

Lakini hatutawaambia vijana "kuweni na moyo" halafu twende zetu. Kukataa kunalipiwa. Wengi wanaingia na deni tayari: PDG wa shimo ametoa chakula, nyundo, tochi, na malipo yatatoka siku mawe yatatoka. Anayebaki juu siku moja, deni linaongezeka siku moja, na kesho nafasi yake inaweza kupewa mwingine. Kwa mtu kama huyo, kusema "leo miye siingie" ni kazi ngumu kuliko kupiga nyundo. Ndiyo maana tunawageukia PDG kwanza. Siku ya mvua, msiandike chakula cha aliyebaki juu. Na yule anayeweka miti, akisema shimo lifungwe, neno lake lipite neno la mwenye shimo. Hamtapoteza kitu kikubwa kuliko mnachopoteza shimo likianguka na watu ndani.

Jambo la pili ni pesa. Utasikia kwenye kambi kwamba pesa ya shimo haiwekwe, ni ya kukula na marafiki. Ukiificha, mawe yatakukimbia. Tumewaona vijana wa Bunyakiri waliouza vizuri Jumamosi na kuomba unga kwa deni Jumanne. Si kwamba wanapenda pombe kuliko watoto wao. Wanaogopa kuitwa wachoyo. Na ukitaka kujua imani ile inamfaa nani, angalia nani anauza bia kwenye kambi. Kijana mmoja akinunua mabati mawili mawili kila anapouza, wenzake watamcheka miezi kadhaa, halafu watakuja kumuuliza alifanya namna gani. Hapo ndipo desturi inaanza kubadilika, bila barua kutoka Kinshasa.

Neno la mwisho ni kwa mama zetu na kwa watoto wakubwa, maana amri ile haikai shimoni peke yake, inarudi nyumbani pamoja na baba. Siku ya mvua akirudi mikono mitupu, anajua tayari jirani ameleta kitu. Amekwisha kusikia kicheko cha kutosha njiani. Mumpe maji ya kuoga, mumpe chakula kama kiko. Musianze na "benzako baleta nini?" Mumuulize kwanza udongo ulikuwa namna gani.