Mkimbiaji na Mkimbizi



Lugha yetu imezaa maneno mawili kutoka katika kitenzi kimoja. Anayekimbia uwanjani twamwita mkimbiaji, na twampigia makofi. Anayekimbia vita twamwita mkimbizi, na mara nyingi twageuza uso. Napenda kuwasimulia habari za mtu aliyeyachukua majina yote mawili, kisha niseme neno juu ya michezo yetu hapa Lweba.

Mtu huyo ni John Akii-Bua wa Uganda. Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini, nyumbani kwa baba mwenye wake wengi na watoto wengi. Alipokua akawa polisi, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamwongoza katika mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Kwa wale wasiozijua: mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja kwa kasi yake yote, na njiani amewekewa viunzi kumi, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimeta 91 hivi. Miguu huwa mizito, kifua huwaka moto, na kiunzi cha mwisho hakikupunguzwa kimo kwa kumhurumia mtu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Wa nne hapewi nishani. Alirudi Uganda akaendelea na mazoezi, akiruka viunzi huku amevaa uzito mwilini.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa ukali wa kona zake. Pamoja naye alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Ralph Mann wa Marekani akawa wa pili, Hemery wa tatu. Uganda haikuwa imepata kamwe dhahabu ya Olimpiki. Naye kwa furaha hakusimama: aliendelea kuuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwapo.

Sisi walimu na makatekista hupenda kukifunga kitabu hapo. Katika mafungo ya vijana twataja maneno ya Mtume Paulo juu ya wanaoshindana mbio, twamleta bingwa mmoja awe mfano, kisha twaimba. Nami nimefanya hivyo miaka mingi. Siku hizi naona kwamba tuliwapa nusu ya habari, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin tangu Januari 1971, na Walango walikuwa miongoni mwa watu walioteswa na kuuawa chini ya utawala wake. Bingwa alishangiliwa; ndugu zake wa kabila hawakupona kwa ajili ya nishani yake. Ulipofika mwaka 1976, nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki, ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakukimbia. Edwin Moses wa Marekani alishinda kwa 47.63, na rekodi ikaondoka. Sisemi kwamba kususia kulikuwa kosa, maana ubaguzi ule ulistahili kukataliwa. Nasema tu kwamba waliotoa uamuzi hawakuwa wale waliokuwa wameamka alfajiri kwa miaka minne.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimwangusha Amin. Akii-Bua, polisi wa serikali iliyoanguka, aliogopa kuhesabiwa kuwa mtu wa Amin, akakimbilia Kenya na familia yake. Huko akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki, kambini! Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kutoka, akaenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia tena huko Moscow, lakini hakufika fainali. Baadaye alirudi Uganda, akawafundisha wengine. Alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47, na serikali ikamzika kwa heshima za taifa. Dhahabu ya pili ya Uganda ilingoja mpaka mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Nchi yetu haijapata nishani ya Olimpiki hata moja. Lakini mwaka 2016, Rio de Janeiro, katika timu ya kwanza ya wakimbizi walikuwamo Wakongo wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wacheza judo.

Sasa nije kwetu. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi ziwa mpaka Kigoma, na wengi waliishi Nyarugusu miaka mingi. Watoto waliozaliwa kule wamerudi, nao wamo katika vikundi vyenu. Katika michezo yetu ya mwaka jana walitengwa wawe timu yao peke yao, wakaitwa «Nyarugusu», na kila jina hilo lilipotangazwa watu walicheka. Mimi nilikuwa mwamuzi. Nilipiga filimbi, nikanyamaza.

Mwaka huu nilitaka kupendekeza kwa kamati jina hilo lifutwe. Kijana mmoja wao akanijia nyumbani jioni. «Mwalimu,» akasema, «tusifutiwe jina. Kule ndiko nilikofundishwa kusoma. Tunachoomba ni kuchanganywa na wenzetu.»

Kwa hiyo nimebadili barua yangu. Naomba kila timu ichanganye waliobaki na waliorudi, majina yapigwe kura, na Nyarugusu liwe mojawapo kwa yeyote atakayeliangukia. Viongozi wa vikundi walete orodha zao kwangu baada ya misa ya Jumapili ijayo.