Kumpeleka Mrembo Kwenye Pantoni Siyo Ubahili, Kosa Ni Kumficha

Kuna binti mmoja wa Sinza wiki hizi kageuka gumzo kwenye magrupu ya WhatsApp. Jamaa yake, muuza kava za simu mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, alimwambia "jiandae, Jumamosi nakutoa". Binti akasuka, akapiga kucha, akavaa kiatu kirefu. Kichwani kwake ni Masaki hiyo, ikikosekana sana basi Mikocheni. Saa kumi jioni akajikuta yupo Magogoni kwenye foleni ya kivuko, kushoto matenga ya samaki, kulia bodaboda zinapiga honi. Akafanya kile ambacho binti yeyote wa mjini angefanya: akatuma voice note kwa mashosti. Kutoka kwa mashosti, voice note ikaenda mjini.

Hukumu ikatoka siku hiyo hiyo. Jamaa bahili. Jamaa hana future. Kuna shosti kaandika kabisa status kwamba mwanaume wa nauli ya 200 ataoa kwa mahari ya muhogo.

Sawa, mmecheka. Sasa hebu tulieni.

Pantoni yenyewe haina kosa lolote. Mtembea kwa miguu analipa shilingi 200, nauli ile ile iliyozua zogo kubwa mwaka 2012 ilipopanda kutoka 100. Wawili kwenda na kurudi ni 800, hela ambayo kwenye lounge hainunui hata maji. Na kwa hiyo 800 unapata kitu ambacho watu wa Mbezi Beach na Kunduchi hawana. Fukwe nyingi za Dar zinatazama mashariki, jua linazama mgongoni kwako, nyuma ya nyumba za watu. Ukivuka Kigamboni ukageuka kutazama ulikotoka, jua linashukia nyuma ya maghorofa ya Posta, na bahari yote hapo mbele inageuka rangi ya chungwa. Bahati ikiwepo, inapita meli ya makontena, kubwa kama mtaa mzima, na pantoni inabidi isubiri ipite. Picha mpigie upande huo wa Kigamboni. Huku Magogoni Ikulu ipo jirani, simu kaa nayo mfukoni.

Halafu kuna hili ambalo mashosti hawalisemi. Lounge muziki umefunguliwa mpaka kifua kinatetemeka. Mnakaa masaa matatu, kila mtu na simu yake, mnarudi nyumbani hujui hata jamaa kwao ni wa ngapi kuzaliwa. Kwenye pantoni huna pa kujificha. Unamwona anavyoongea na mama mwenye ndoo, anavyomjibu kijana aliyemkanyaga, kama anakushika mkono watu wanaposukumana au anatangulia mwenyewe kuwahi kiti. Mwanaume wa kwenye sofa la lounge wote wanafanana. Wa kwenye foleni ya kivuko anaonekana alivyo.

Na hela, wadau. Hapa ndipo utani unapoisha. Mjini hapa kuna vijana wanachukua mkopo kwenye simu Ijumaa ili Jumamosi wakalipe bili ya watu ambao hata hawawajui vizuri, maana binti kaja na mashosti watatu. Wiki mbili mbele wakopeshaji wanaanza kutuma meseji kwa kila namba iliyopo kwenye simu yake: bosi, mama mzazi, mjomba wa kijijini. Ni balaa lililofikia mpaka Benki Kuu, mwaka 2024 ikatangaza majukwaa na app 69 zinazokopesha bila leseni. Sasa ukipima, aibu ipi kubwa? Kuonekana kwenye pantoni, au mama yako kuambiwa mwanao ni tapeli kwa sababu ya sahani ya kuku na chupa moja?

Lakini jamaa wa Aggrey naye asipewe taji. Kosa analo, ila siyo la pochi. Kosa lake ni "jiandae nakutoa" bila kusema wapi. Kusuka ni hela, kucha ni hela, bodaboda kutoka Sinza ni hela. Wanaume wanapenda kuhesabu bili ya mezani wakasahau kwamba mwenzao kashalipa bili yake saluni. Alikaa kimya kwa kuogopa kukataliwa, mwisho kamtembeza mtoto wa watu kwenye chuma cha pantoni na kiatu kirefu. Angesema tu, "tunavuka maji, vaa raba, njoo na njaa", hii stori isingekuwepo. Asiyetaka angekataa mapema, na wala asingekula nauli ya mtu.

Na sehemu za kumwambia zipo nyingi, siyo pantoni tu. Hapo hapo Feri soko la samaki, unachagua samaki wako, wakaangaji wanakukaangia, mnakula kwa mikono (harufu itabaki kwenye nguo, mjue hilo). Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert kuna magari aliyopanda Mwalimu, na watu wamezaliwa Ilala hawajawahi kuingia. Treni ya SGR kwenda Morogoro ilianza Juni 2024, daraja la kawaida 13,000, chini ya masaa mawili mmefika, mnakula mchana mnarudi jioni. Hiyo ni ya mwisho wa mwezi.

Ila bora kuliko zote ni mitumba ya Karume. Kila mmoja anashika 10,000, mnapeana nusu saa, kila mtu anamnunulia mwenzake nguo, mnazivaa hapo hapo mnarudi nazo. Utajua anakuonaje. Akikuletea shati la mzee wa kanisa, jibu umelipata bila kuuliza.

Turudi kwa binti. Ile voice note mliyonayo imekatwa. Nzima ni ndefu zaidi, na huko mwishoni, baada ya kulalamika miguu, anasema yule kaka anajua kusikiliza, na kwamba wakati wa kurudi walikaa juu kwenye upepo wakapitiliza stori mpaka watu wote wakashuka wakabaki wao. Kipande hicho hakuna shosti aliyekisambaza.

Na Jumapili wameonekana Karume. Yeye kavaa raba, kashika shati la jamaa mkononi, muuzaji anataka 7,000 na binti kagoma kutoka 4,000.