Mganga hajigangi: kwa nini uchovu wa wahudumu wa afya unakuhusu na wewe

Ukienda zahanati leo, huenda ukamkuta muuguzi mmoja anayepima presha, anayechoma sindano, anayezalisha, anayetoa dawa dirishani na jioni anayejaza vitabu vya MTUHA. Wewe utahesabu saa ulizokaa kwenye benchi, na ni haki yako kuzihesabu. Lakini zipo saa nyingine ambazo wagonjwa hawazioni: saa ambazo muuguzi huyo amekuwa kazini bila kupumzika. Saa hizo zinagusa usalama wako moja kwa moja, kwa sababu ndiye anayesoma jina la dawa, anayepima dozi ya mtoto wako na anayetakiwa kugundua mapema kwamba mama aliyejifungua anatoka damu nyingi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Katika makala hii nakueleza uchovu wa kazi ni nini, hatari nyingine zinazoambatana nao, kwa nini miaka hii miwili mitatu imekuwa migumu zaidi, na wewe unaweza kufanya nini, uwe mhudumu wa afya, ndugu yake au mgonjwa wake.

Uchovu uliokithiri kazini ni nini?

Kila mtu anachoka. Uchovu wa kawaida ukilala usiku mmoja au mbili, ukala vizuri, unaondoka. Uchovu uliokithiri kazini ni tofauti. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandika kitaalamu mwaka 1974 alipokuwa akiwaangalia watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Kwa hiyo tangu mwanzo jambo hili lilionekana kwa watu wanaohudumia wengine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliufafanua katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa.

Hali hiyo ina dalili kuu 3:

- Kuishiwa nguvu. Unaamka umechoka kama ulivyolala. Kichwa kinauma, usingizi haueleweki, na Jumapili jioni tumbo linakuvuruga kwa kufikiria Jumatatu.
- Kujitenga na kazi. Mgonjwa anageuka kuwa namba ya kitanda. Unasikia mtu akilia na huguswi tena. Unaanza kusema "hawa watu" badala ya "wagonjwa wangu".
- Kuona kazi yako haina maana. Unafanya kazi kutwa, jioni unajiona hujafanya kitu.

Zingatia maneno ya WHO: ni hali ya kazini. Haikuwekwa kwenye kundi la magonjwa, na haikuitwa udhaifu wa mtu. Maana yake ni kwamba dawa yake ya kwanza haipo kwa mtu aliyechoka. Ipo kwenye ratiba ya zamu, idadi ya watumishi na vifaa.

Pia usichanganye hali hii na sonona. Uchovu wa kazi unahusu kazi; mtu akipata likizo ya kweli, mara nyingi hupata nafuu. Sonona inakufuata nyumbani, msikitini, kanisani na harusini, na inaondoa furaha katika kila kitu. Uchovu ukiachwa unaweza kuambatana na sonona. Ukianza kufikiria kujidhuru au kuona heri ufe, usisubiri likizo. Mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali leo.

Hatari haziji peke yake

Muuguzi aliyechoka hapotezi hamu ya kazi tu. Mkono wake unapungua umakini, na katika kazi yetu mkono unashika sindano.

Mtu akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kama mhudumu hajachanjwa, uwezekano unaweza kufika 30 kati ya 100, ikitegemea wingi wa virusi alivyonavyo mgonjwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na bado wahudumu wengi wanaogopa Ukimwi peke yake huku wakiwa hawajamaliza dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B. Watoto wetu wanaipata chanjo hiyo kliniki, lakini mhudumu mwenye umri kama wangu alizaliwa kabla haijaingizwa kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania. Lazima aitafute akiwa mtu mzima.

Kazi za usiku nazo zina gharama. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kazi ya zamu inayovuruga saa za mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia msimamo huo kuhusu kazi za usiku. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa makadirio kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Ongeza kunyanyua wagonjwa wasioweza kugeuka kitandani, matusi ya ndugu wenye hasira, na kifua kikuu kwenye wodi isiyopitisha hewa. Yote haya yanamkuta mtu mmoja.

Tulichojifunza Rwanda na Kagera

Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg. Hadi ulipotangazwa kuisha mwezi Desemba, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 15 walikuwa wamefariki. Karibu 8 kati ya kila 10 waliougua walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali kubwa za Kigali. Virusi viliingia wodini kabla havijajulikana, kwa sababu homa, kichwa kuuma na kutapika kwa siku za mwanzo vinafanana na malaria.

Sisi pia yametukuta. Mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 uliua watu 6, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Nchini Uganda, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika mlipuko wa Ebola wa Januari 2025 alikuwa muuguzi jijini Kampala.

Unaweza kuuliza, Marburg inahusianaje na uchovu? Kinga dhidi ya magonjwa haya ni utaratibu: nawa mikono kila mara, vaa glavu kwa kila mgonjwa, vua gauni kwa hatua zake bila kuruka hata moja, jiulize kila homa imetoka wapi. Utaratibu unahitaji akili iliyotulia. Mtu aliye kwenye saa ya 16 ya zamu, mwenye wagonjwa 40 na boksi moja la glavu, ndiye atakayeruka hatua. Akiambukizwa, anaweza kumwambukiza mgonjwa wa kitanda cha pili na watoto wake nyumbani. Kwa hiyo mapumziko ya muuguzi ni sehemu ya kinga ya mlipuko, sawa na glavu.

Kwa nini sasa hali ni ngumu zaidi?

Kwanza, watumishi ni wachache. Lengo linalotumiwa na WHO ni madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Takwimu zake za mwaka 2018 kwa nchi 47 za Afrika zilionyesha wastani wa 1.55. Gawanya mwenyewe: kazi iliyopangiwa karibu watu 3 inafanywa na mmoja.

Hapo pana jambo linaloumiza. Nchi hizi hizi zina wauguzi na matabibu waliohitimu vyuo na wamekaa nyumbani wakisubiri ajira. Kwa hiyo mara nyingi upungufu si wa watu. Ni upungufu wa nafasi zenye mshahara. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, ulikuwa na jambo hilo ndani yake: ajira na malipo ya madaktari walio mafunzoni kwa vitendo, wale ambao ndio wanaobeba zamu nyingi za usiku.

Pili, misaada imepungua ghafla. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Katika nchi nyingi za Afrika, watumishi wa mikataba waliokuwa wakilipwa na miradi ya Ukimwi na kifua kikuu walisimamishwa. Wagonjwa wao hawakusimamishwa. Waliendelea kuhitaji dawa, na aliyebaki kituoni akaongezewa leja ya mwenzake juu ya ile yake.

Tatu, kazi inasogezwa kwenye jamii. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikia zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Ni jambo jema, na nimeona faida yake: mama anafuatwa nyumbani kabla hajazidiwa. Lakini mhudumu wa mtaani hana saa ya kufunga. Anagongewa mlango saa 8 usiku na jirani yake, na hawezi kusema zamu imeisha. Tukimlipa posho inayochelewa na tukamnyima mapumziko, tutakuwa tumeutoa uchovu wodini na kuupeleka mtaani.

Je, uchovu unahalalisha lugha mbaya?

Hapana. Mama aliyetukanwa leba ana haki ya kulalamika, na malalamiko hayo yasikilizwe. Lakini tunapolijadili jambo hili tunasimama mapema mno. Tunasema "nesi yule ana roho mbaya", anahamishwa kituo, anakuja mwingine, na baada ya miezi 6 naye anasema vilevile. Kama watu 3 tofauti wanaharibika kwenye kiti kimoja, kikague kiti. Kumwajibisha mtu na kurekebisha mazingira ni kazi 2 zinazokwenda pamoja. Tukifanya ya kwanza tu, mama mwingine atatukanwa.

Ufanye nini?

*Kama wewe ni mhudumu wa afya:*

- Maliza dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B na utunze kadi.
- Ukichomwa na sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usipake jiki. Toa taarifa palepale na uanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo hutumika siku 28.
- Hakikisha tukio limeandikwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unashughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, lakini dai lisilo na kumbukumbu ni gumu kulithibitisha.
- Jua saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya angalau saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Zipo dharura, lakini dharura ya kila siku ni upungufu wa watumishi na iitwe hivyo.
- Chukua likizo yako. Usiiuze, na usiende kufanya kazi ya ziada hospitali nyingine kwa siku zote 28.

*Kama wewe ni mganga mfawidhi:* bandika ratiba ya zamu mapema, usimpange mtu usiku na asubuhi yake, na baada ya kifo kigumu wodini waite watumishi dakika 15 wazungumze kabla ya kurudi kazini. Hilo halihitaji bajeti.

*Kama wewe ni mwananchi:* kituo chako kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa jamii, na sehemu ya fedha za kituo hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Mkutanoni tumezoea kuuliza kuhusu dawa na choo. Ongeza maswali haya 4: Usiku wanakuwepo watumishi wangapi? Glavu zinatosha mwezi mzima? Watumishi wamechanjwa homa ya ini B? Mtumishi akichomwa sindano usiku, dawa za kinga ziko wapi na ufunguo anao nani?

*Kama ni ndugu wa mhudumu:* mwache alale anapotoka usiku. Usingizi wa mchana wa mtu wa zamu si uvivu. Na ukiona amebadilika, amekuwa mkimya, anakunywa pombe kuliko zamani au hasira zimezidi, muulize bila kumhukumu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walijua kwamba anayewatibu wengine anahitaji wa kumtibu yeye. Kikao cha kamati ya kituo chako kikitangazwa, nenda, na yale maswali 4 uende nayo yakiwa yameandikwa.