Elektroni Haina Habari na Nia Yako

Kazi ya mteja mmoja ilinifunika mwezi mzima, lakini jambo la wiki iliyopita limenitoa pangoni.

Shangazi yangu, mkaazi wa hapa hapa Tudor, ana sukari. Alikuja kwetu na kidani cheusi shingoni. "Mwanangu, weye umesoma kompyuta. Hiki ni cha kwantamu. Nimeambiwa nikitia nia kwa yakini sukari itashuka, maana sayansi yenyewe yasema mtazamaji ndiye anayeumba anachokitazama." Nikamuuliza, na dawa je? Akasema amezipumzisha kwanza.

Amezipumzisha! Basi leo sinyamazi.

Tuanze na lililo kweli. Rusha elektroni moja moja kwenye kizuizi chenye mianya miwili myembamba. Zikishakuwa nyingi, upande wa pili zinachora mistari, kama mawimbi mawili yaliyokutana. Weka chombo cha kujua kila moja imepita mwanya gani, na mistari inatoweka. Ni ajabu kweli, sibishi.

Tena wapo wakubwa waliodhani ufahamu wa mtu unahusika. Eugene Wigner aliandika hivyo mwaka 1961, na miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wauza vidani wakimtaja huyu, hawakwambii kwamba baadaye mwenyewe aliliacha wazo hilo. Tangu 1970 Dieter Zeh alikuwa ameonyesha kwamba hakuna kitu kinachokaa peke yake: hewa, mwanga na joto vinakigusa kila saa na kuondoka na habari zake. Hicho tayari ni kipimo, hata pasipo mtu.

Mwaka 2004 watafiti wa Vienna walipitisha molekuli za atomi 70 za kaboni kwenye mianya, huku wakizipasha moto kwa leza. Molekuli yenye moto inatoa mwanga, na mwanga huo unabeba habari za mahali ilipo. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo mistari ilivyofifia. Hakuna aliyekaa kuutazama mwanga ule. Joto lilitosha.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo linalofanana na hili. Kuna kosa linalotokea nyuzi mbili za programu zikigongana. Ukiongeza mstari wa kuandika kumbukumbu ili ulinase, linapotea, kwa sababu mstari ule umebadilisha mwendo wa programu. Iendeshe usiku wewe umelala, matokeo ni yale yale. Nani atasema kosa limeona haya kwa kutazamwa?

Tatizo jingine ni neno lenyewe. Tunasema "mtazamaji", na kwa Kiswahili chetu kutoka hapo hadi "mtazamiaji" mpiga ramli ni herufi moja tu. Wajanja wameivuka herufi hiyo, wakatoza na nauli. Tungesema "kipimo" tangu mwanzo, biashara hii isingepata pa kushika.

Utaniambia wanafizikia bado wanabishana kuhusu maana ya kipimo. Kweli, na sitajifanya wamemaliza. Lakini hata tukimpa Wigner wa 1961 ushindi wote, mwenye kidani hapati kitu. Tangu Max Born, 1926, uwezekano wa kila tokeo unatoka kwenye hesabu. Kama ni nusu kwa nusu, ni nusu kwa nusu kwa mwenye nia na asiye na nia. Hakuna mahali kwenye hesabu hiyo pa kuandika matakwa yako. Na kidani chenyewe? Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitahadharisha kuhusu bidhaa 10 zinazotoa mionzi yenye madhara zikivaliwa muda mrefu. Miongoni mwake kilikuwamo kidani cha kwantamu.

Jioni ile nilimwomba shangazi atie nia yake yote, kisha tukamtoboa kidole. Kimashine kikasoma 17.8. Hakikuuliza nia, hakikuuliza bei ya kidani. Asubuhi tulikuwa kliniki, na dawa amezirudia.

Mtu akikuuzia kwantamu, mwambie apime kwanza, mbele yako.