Vyuo vikuu vyauliza nani atalipia safari, si msafiri atarudije

CHUO Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro (MMUST) mjini Kakamega kina kitivo kizima kinachofundisha usimamizi wa majanga na utoaji wa misaada ya kibinadamu. Wanaosomea huko hufunzwa kupima hatari kabla haijatokea na kupanga njia ya kutokea kabla ya kuingia. Ni taaluma ambayo, kwa asili yake, humpeleka mtu kule ambako wengine wanakimbia: Somalia, Sudan Kusini, mashariki mwa Kongo.

Kwa hivyo Kakamega ni mahali panapofaa kuulizia swali linalovihusu vyuo vikuu vyote nchini, vya umma na vya kibinafsi. Chuo kinapoidhinisha safari ya mwanafunzi au mhadhiri kwenda nchi yenye hatari, huwa kinaidhinisha nini hasa?

Kwa kawaida anayetaka kusafiri huandika barua kwa mkuu wa idara, akaambatanisha mwaliko na maelezo ya anayegharimia. Barua hupanda ngazi hadi kwa mkuu wa kitivo na, hatimaye, ofisi ya naibu chansela. Maswali yanayoulizwa njiani ni ya mhasibu na ya afisa wa wafanyakazi: nani atalipa tiketi, nani atafundisha madarasa yake, atakuwa nje siku ngapi. Hata serikali ilipoingilia kati mnamo Oktoba 2023, pale Mkuu wa Utumishi wa Umma Felix Koskei alipobana safari za nje za maafisa wa umma, sababu kuu ilikuwa kupunguza matumizi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, hasa kwa mlipa kodi. Lakini safari iliyogharimiwa kikamilifu na mfadhili wa kigeni inaweza kuwa ndiyo ya hatari kuliko zote, na kwa kipimo cha fedha pekee hupita bila kikwazo.

Gharama ya kutouliza mapema ilionekana Sudan. Mapigano kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo yalizuka Khartoum Jumamosi, Aprili 15, 2023. Uwanja wa ndege ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa, na mpango wowote uliotegemea tiketi ya kurudi ukafa siku hiyo hiyo. Wanafunzi Wakenya, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, walijifungia mabwenini huku chakula na maji vikipungua. Kundi la kwanza lilifika Nairobi Aprili 24 kwa ndege ya kijeshi. Wengine walitoka kwa barabara kupitia Ethiopia, na wengine wakasafiri hadi Port Sudan na kuvuka Bahari ya Shamu kuelekea Jeddah.

Serikali ilisema Wakenya waliokuwa Sudan walikuwa takriban 3,000. Hilo lilikuwa kadirio. Mwaka mmoja kabla, Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, walitajwa Wakenya wapatao 200 nchini humo, wengi wao wanafunzi, na kwa kuwa Kenya haikuwa na ubalozi Kyiv, waliohitaji msaada walielekezwa kwa ubalozi wa Vienna, Austria. Ni kweli kwamba wengi wa vijana hao hawakuwa wametumwa na vyuo vya Kenya. Walijiandikisha wenyewe katika vyuo vya huko. Ndiyo maana serikali inaweza kusema haikujua walipo. Chuo kilichotia saini barua ya ruhusa hakiwezi kujitetea hivyo.

Kuna upungufu mwingine ambao hauonekani kwa urahisi. Kabla ya kupata kibali cha NACOSTI, mtafiti hupitia kamati ya maadili, nayo huchunguza kwa makini kama watu watakaohojiwa watadhurika. Anayehoji ni nadra kuulizwa habari zake. Giulio Regeni, raia wa Italia aliyekuwa akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoweka Cairo Januari 25, 2016 akiwa anatafiti vyama huru vya wafanyakazi. Mwili wake ulipatikana Februari 3 ukiwa na alama za mateso. Mei 2018, Matthew Hedges wa Chuo Kikuu cha Durham alikamatwa Dubai, akahukumiwa kifungo cha maisha Novemba mwaka huo kwa tuhuma za ujasusi, kisha akasamehewa baada ya siku chache. Si Cairo wala Dubai iliyokuwa uwanja wa vita. Hatari ilikuwa katika maswali yenyewe, na katika nani asiyependa yaulizwe. Msimamizi wa masomo aliyeidhinisha mada ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuliona hilo.

Jina la nchi pekee halitoshi pia. Septemba 2023 vijana wa Kitanzania walikwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo cha kisasa, mpango halali uliotamaniwa na wengi. Wawili kati yao walipangiwa mashamba ya Nir Oz na Nahal Oz, yote yakiwa umbali wa chini ya kilomita tatu kutoka mpaka wa Gaza. Wote wawili waliuawa kufuatia shambulizi la Oktoba 7, na mabaki ya mmoja wao hayakupatikana hadi Novemba 2025. Fomu iliyoandikwa "Israel" isingemwambia mzazi wala mkuu wa chuo lolote. Fomu iliyotaja shamba na umbali wake kutoka mpakani ingezua angalau swali moja.

Wakenya wanalifahamu vyema jambo hili kutoka upande wa pili. Kwa miaka mingi wamelalamikia matangazo ya Marekani na Uingereza yanayowaonya raia wao dhidi ya kuzuru sehemu za Kenya, na malalamiko hayo mara nyingi yalikuwa ya haki, kwani hofu ya mpaka wa Somalia iliwafukuza watalii hata maeneo yasiyohusika. Hata hivyo, watafiti wa Ujerumani waliochunguza msitu wa Kakamega chini ya mradi wa BIOTA kati ya 2001 na 2010 walikuwa na taasisi nyuma yao zilizojua walipo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipochacha, Chuo Kikuu cha Indiana kiliwaondoa wanafunzi wake wa udaktari Eldoret mapema Januari 2008. Kiliweza kwa sababu kilikuwa na orodha.

Hatari nyingine iko karibu zaidi. Kutoka Kakamega hadi mpaka wa Busia ni safari ya matatu ya saa chache, na mwanafunzi anayevuka kwenda Uganda hajioni kama msafiri wa kimataifa. Lakini Septemba 2022 Ebola ilitangazwa wilayani Mubende, na mlipuko huo ukaua watu 55 waliothibitishwa kuambukizwa kabla ya kutangazwa kuisha Januari 2023. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulijitokeza tena, safari hii Kampala. Mwezi huo huo waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma na uwanja wake wa ndege ukafungwa.

Kuhusu sheria, mhadhiri ana pa kushikilia: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa mfanyakazi wake. Mwanafunzi hana mkataba wa ajira. Bima ya safari anayonunua ili apate viza mara nyingi haifidii madhara ya vita, na wachache husoma maandishi madogo ya mwisho.

Wapo watakaosema, na si bila sababu, kwamba fomu zaidi ni urasimu zaidi, na kwamba ofisi zitazitumia kuwazuia watafiti wanaogusa mambo nyeti. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ruhusa ikigeuzwa adhabu, watu watasafiri kimyakimya wakati wa likizo, na chuo kitajua habari zao kupitia redio. Kinachotakiwa ni idhini inayomsaidia anayekwenda. Itaje kijiji, na si nchi tu. Ioneshe njia mbili za kutoka, moja isiyotegemea ndege, pamoja na nambari ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Iseme pia ni nani chuoni mwenye mamlaka ya kumwita nyumbani, na fedha za kumrudisha zitatoka wapi.

Karatasi mbili zinatosha kwa hayo yote. Mwanafunzi wa uzamili katika usimamizi wa majanga anaweza kuzikagua kama zoezi la darasani, na wahadhiri wa kumsahihisha wako papo hapo Kakamega.