MAJI MACHAFU HAYAPANDI KWA HOTUBA

Ndugu wanachama wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, kwa nini gazeti hili dogo la Chama limekaa kimya juu ya habari ya pampu za maji machafu, hali ya kuwa kila unapokaribia wakati wa kura ahadi za pampu na mitaro hunyesha kuliko mvua za masika. Wako waliodhani kwamba twaona haya kuitaja habari ya vyoo katika ukurasa wa siasa. Haya hatuna. Kipindupindu hakikuona haya kuingia majumbani mwetu mwaka 2015, wala hakikumwuliza mtu ana kadi ya chama gani.

Tumekaa kimya kwa kuwa tulitaka kwanza tukijue tunachokidai. Chama kinachodai kitu kisichokijua hupewa kitu kisichofaa, kisha hutakiwa kushukuru.

Na tuanzie ng'ambo ya mkondo, Dunda. Dunda ni kata ya mji wa Bagamoyo, mji walioundea babu zetu kwa mashua na majahazi zamani za misafara, na ambao Wajerumani waliufanya makao yao makuu mpaka mwaka 1891. Hata leo wako wanachama wetu wenye shangazi na wajomba huko. Twauchagua mji huo kwa sababu anayetaka kuitazama hali yetu bila ya kutiwa ushabiki wa siasa zetu za visiwani, aende akaitazame pale: vichochoro vya kale, mchanga, bahari mlangoni, na ardhi iliyolala sawa kama mkeka. Chini ya mkeka huo maji hayako mbali. Masika yakishika, mchimba choo hukutana na maji kabla hajafika kina alichokusudia, na shimo lililochimbwa ili lipokee uchafu huanza lenyewe kutapika. Watu wa huko kwa miaka mingi wameishi kwa mashimo na makaro, na karo likijaa huitwa gari la kunyonya, kwa mwenye uwezo wa kuliita.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika wilaya hiyo hiyo ya Bagamoyo uko mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976, ambao baada ya kupanuliwa umewekewa uwezo wa kutoa lita milioni 270 za maji kwa siku, nayo husukumwa kwa mapampu makubwa makilomita mengi mpaka Dar es Salaam. Kila lita iingiayo nyumbani hutoka tena nyumbani, imechafuka. Lakini mahesabu ya kuleta yamefanywa kwa kalamu na rula, na mahesabu ya kuondoa yameachiwa Mungu. Sisi wa visiwani tusicheke, kwani kwetu ni vivyo hivyo.

Sasa, pampu ya maji machafu ni kitu gani, na huhitajiwa wapi? Asili ya maji machafu ni kuteremka. Bomba la kipenyo cha milimita 150 hutaka lishuke kiasi cha mita 1 katika kila mita 100 au 150 za mwendo wake, ili maji yaende kwa kasi ya kuchukua vilivyomo ndani yake. Yakienda polepole mno, uchafu hutua na bomba huziba. Penye kilima hilo ni jambo jepesi. Lakini chukua Dunda, au chukua mitaa ya chini ya Ng'ambo yetu: ukilaza bomba kwa mteremko huo, baada ya mita 600 tu limekwisha kuzama mita 4 hadi 6 chini ya miguu yako, yaani ndani ya maji ya ardhini, na pengine chini ya usawa wa bahari wakati wa bamvua. Huwezi kuendelea kuchimba mpaka jehanamu. Hapo ndipo hujengwa kisima cha kukusanyia, na ndani yake au kando yake huwekwa pampu ya kuyainua maji yale, ili yaanze tena kuteremka au yasukumwe moja kwa moja mpaka yanakokwenda.

Ndani ya pampu hiyo mna gurudumu lenye mapanga, linalozungushwa na mota ya umeme. Maji huingia katikati ya gurudumu, hutupwa pembeni kwa nguvu za mzunguko, na ganda la chuma lililolizunguka huzigeuza nguvu hizo kuwa msukumo wa kuyapandisha. Hata pampu ya maji safi hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba ile ya maji machafu hupewa mapanga machache na nafasi pana ndani yake, ili kitambaa na kinyesi vipite bila ya kukwama, na nyengine hutiwa visu vya kukatia. Boya huelea kisimani. Maji yakipanda huiwasha mota, yakishuka huizima. Juu ya pampu huwekwa mlango unaofunguka upande mmoja tu, ili yaliyokwisha kupanda yasirudi. Na kila kisima chenye heshima yake huwa na pampu 2, moja ikifanya kazi na moja ikingoja, kwa kuwa hapana pampu isiyoharibika.

Mtu atauliza: kwa nini pampu isikae juu, pakavu, ikavuta kwa mpira kama gari la kunyonya? Kwa sababu pampu haivuti kwa nguvu zake. Huondoa hewa, na ni uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji juu. Uzito huo hauwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa kazi ya kweli huishia kwenye mita 7. Ndiyo maana siku hizi aghlabu pampu huzamishwa ndani ya uchafu wenyewe, mota na vyote, ikiwa imezibwa barabara. Gari la kunyonya nalo hufuata kanuni ile ile, ila uchafu haupiti katika mashine yake: hewa hutolewa ndani ya tangi, na uchafu huingia wenyewe.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata Wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa katika jumba lao, na hapo, ajabu, fedha zilipatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya London, na kwa kuwa London nayo ni tambarare, ikabidi uchafu uinuliwe kwa injini za mvuke za Crossness, zilizofunguliwa mwaka 1865. Hatusemi Wabunge wetu wanushwe uvundo. Twataja tu lililotokea.

Karibu na kwetu, Dar es Salaam ina mfumo wa katikati ya mji ambao sehemu yake kubwa ilijengwa miaka ya 1950, wenye vituo vya pampu, na ambao kwa miongo mingi umemwaga baharini kwa bomba. Kwengineko mjini humo, kama Vingunguti na Chuo Kikuu, hutumika mabwawa, ambamo uchafu hutua na jua na mimea midogo huufanyia kazi bila ya umeme hata kidogo. Hoteli za pwani, hospitali na majengo yenye vyoo chini ya usawa wa barabara huwa na pampu zao wenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wanaotuahidi pampu hutwambia umeme wake ni ghali, na kwa hiyo tungoje. Si kweli. Kuinua tani 1 ya maji mita 10 ni kazi ndogo. Hata pampu ipotezayo nusu ya nguvu inazopewa huinua tani kiasi cha 18 kwa uniti 1 ya umeme. Gharama si umeme. Hatari ni umeme kukatika. Chukua kituo kimoja chenye kuhudumia watu 5,000, kila mmoja akitoa lita 80 kwa siku. Hizo ni tani 400 kwa siku, kama tani 17 kwa saa. Kisima cha tani 20 kitajaa kwa saa 1 na kidogo, na asubuhi, watu wanapoamka wote pamoja, kitajaa kwa nusu saa. Baada ya hapo maji hayangoji mtu. Hurudi nyuma kwa njia yaliyojia na kutokea katika choo cha nyumba ya chini kabisa mtaani, ambayo kwa kawaida ndiyo nyumba ya maskini.

Nani visiwani hakumbuki? Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja, unaoletwa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, ulikatika, ukarudi baada ya wiki nne hivi. Mwezi Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo kisiwa kilikaa kizani kiasi cha miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Pampu za maji safi zilisimama, akina mama wakahangaika na ndoo. Waya wa pili, wenye nguvu zaidi, uliwekwa mwaka 2013, nasi twakiri kwamba ulisaidia. Hatuna tabia ya kukana lililofanywa. Lakini kituo kile tulichokipigia hesabu, katika wiki nne zile za 2008, kingepokea tani zaidi ya 11,000 za uchafu bila ya kuinua hata ndoo moja. Kwa hiyo twasema, na tutasema Barazani na barazani: pampu isiyo na jenereta yake, dizeli yake, na mtu aliyeajiriwa kuikagua, ni bora isiletwe. Mtaa wenye makaro huugua kidogo kidogo. Mtaa wenye pampu iliyokufa hufurika siku moja.

La pili ni swali la mwisho wa bomba. Pampu haisafishi kitu, huhamisha tu. Mifereji ya Mji Mkongwe wetu imekuwa ikimwaga baharini uchafu usiosafishwa, mbele ya watoto wanaoogelea na wavuvi wanaotia nanga. Livingstone alipopita hapa mwaka 1866 aliulalamikia uvundo wa pwani yetu, na wazee wetu hawakupenda maneno yale. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilikuja, kikaua watu wengi mno mjini, na daktari James Christie, aliyekuwapo, akaandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1876. Kikaja tena mara nyingi. Kile cha 2015 kilianzia Dar es Salaam mwezi Agosti, Septemba kikavuka, na mwaka 2016 skuli zetu zikafungwa kwa ajili yake. Basi anayetwambia atasukuma uchafu wa Ng'ambo "mpaka baharini" atwambie bahari gani, kwani sisi twaijua moja tu, nayo ndiyo tunamokula.

Dunda wana bahati ambayo sisi hatuna: nyuma ya mji wao bado iko nchi. Lau wangetenga leo ardhi ya mabwawa kabla viwanja havijauzwa vyote, wangehitaji pampu chache za kufikishia huko, na kazi nyengine ingefanywa na jua. Twawanasihi ndugu zetu wa huko wasilale. Sisi wa Mjini hatuna nafasi hiyo, na kwa hiyo mtambo wetu wa kusafishia utakuwa wa gharama zaidi, na lazima usemwe hivyo waziwazi.

Hapa tutawaudhi baadhi ya wanachama wetu. Wako wanaotaka Chama kitangaze kwamba huduma hii iwe bure kabisa. Hatukubaliani nao. Kitu cha bure hakina vipuri. Tunachotaka ni malipo madogo kwa nyumba za kawaida, malipo makubwa kwa hoteli, ambazo mgeni wao mmoja hutumia maji ya watu wengi wa mtaani, na hesabu ya fedha hizo ibandikwe hadharani kila mwaka, ili ijulikane zimenunua dizeli au zimenunua viti vya ofisi. Lawama ya neno hili tunaichukua.

Jengine ni roho za watu. Katika visima hivi mna hewa inayonuka kama yai viza, na ikizidi huiua pua kwanza, mtu asiisikie tena, kisha humwua mwenyewe. Kijana hushushwa kwa kamba kwenda kutoa matambara yaliyoikwamisha pampu, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Hatutaunga mkono mradi wowote usiotaja vifaa vya kupimia hewa hiyo na vya kuvutia pumzi. Na sisi wenyewe tuache kutupa chooni makumbi, nepi na matambara. Mifuko ya plastiki ilikatazwa visiwani tangu mwaka 2006, na bado huipata mafundi ndani ya mapanga.

Makatibu wa matawi wanaombwa, kabla masika hayajaingia, wapite mitaani mwao waandike kila chemba inayofurika, ni ya nani, inafurika bamvua au mvua ikinyesha, au nyakati zote mbili, na maji yake huelekea wapi. Karatasi hizo ziletwe ofisini kwa mkono. Zile za mitaa ya chini ndizo tutakazozisoma kwanza.