Injini Iliyonyamazishwa Haijapona

"Tapeti tu hizo, bosi. Weka oili nzito, zitatulia." Sidhani kuna maneno yaliyowaokoa wauza magari yaliyotumika, wawe wa Dar es Salaam au wa Mombasa, kuliko hayo. Ajabu ni kwamba hayatoki kinywani mwa muuzaji. Anayeyasema ni fundi wa mnunuzi mwenyewe, mtu wa kuaminiwa, tena kwa nia njema.

Mambo huenda hivi. Mtu ametoka yadi na Toyota IST, ameahidiwa waranti ya miezi mitatu ya injini na giaboksi. Siku chache baadaye, akiwasha gari asubuhi, anasikia tik-tik-tik inayoongeza kasi kila anapokanyaga mafuta. Hampigii simu aliyemuuzia. Anampigia fundi wake. Boneti inafunguliwa, fundi anainamisha kichwa kidogo, hukumu inatoka. Oili inamwagwa, inawekwa 20W-50 na kopo la dawa ya kuongezea. Mlio unapungua. Fundi analipwa, mwenye gari anashukuru, na waranti inaendelea kuliwa na kalenda bila muuzaji kusumbuliwa hata kwa ujumbe mmoja.

Imani iliyo nyuma ya haya yote ni kwamba mlio ukiisha, ubovu umeisha. Si kweli, na kwa gari lenye waranti imani hiyo ni ya gharama, kwa kuwa mlio ndio ushahidi alionao mnunuzi. Kuufifisha kabla haujajulikana unatoka wapi ni kumziba mdomo mtoto anayelia badala ya kumtazama ameumia wapi, huku aliyeahidi kulipia matibabu akihesabu siku zake zimalizike.

Tuanze na hizo tapeti zinazosingiziwa. IST nyingi zilizoko barabarani kwetu zina injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,497, ile ile iliyomo kwenye Probox. Tapeti zake hazijazwi oili. Ni vikombe vya chuma vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu, na nafasi iliyopo hapo hupimwa kwa fila geji injini ikiwa ya baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Nafasi ikizidi, kikombe kinatolewa, kinawekwa chenye unene unaofaa. Hakuna oili inayonenepesha chuma. Oili nzito itatandaza utando mnene zaidi pale vyuma vinapokutana, mlio utafifia, na nafasi itabaki vile vile ilivyokuwa.

Ziko injini nyingine, 2ZR-FE kwa mfano, zenye vifaa vinavyojirekebisha kwa shinikizo la oili. Hizo zikilia sekunde chache asubuhi kisha zikatulia, mara nyingi ni kwamba oili ilishuka usiku na sasa inapanda tena. Lakini hizo ndizo zinazotaka oili ifike upesi kwenye vinjia vyembamba, na oili nzito ikiwa baridi huchelewa kufika. Mfumo wa VVT-i nao unaendeshwa na oili hiyo hiyo. Anayemimina 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 anaweza kupunguza mlio mmoja na kuanzisha lalamiko jingine.

Tena si kila tik-tik ni tapeti. Noah za miaka ya mwanzo ya 2000 zenye injini ya D-4 zina pampu ya petroli ya shinikizo kubwa inayosukumwa na kamshafti. Hulia hata zikiwa nzima. Nozeli hulia. Plagi iliyolegea hulia. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja, mlio wake hufanana mno na wa tapeti: unasikika injini ikiwa baridi, unapungua chuma kikipata joto na kutanuka, na masizi meusi yanabaki pale panapovuja. Huyu wa manifoldi ndiye anayewadanganya mafundi kuliko wote, maana oili inabadilishwa, injini inawashwa kwa muda hadi inapata moto, mlio unapungua wenyewe, na sifa inachukuliwa na oili.

Halafu kuna beringi za konrodi. Huo ndio mlio wa kuogopwa, na ndio ambao oili nzito huuficha kwa muda tu kabla konrodi haijatoboa bloki.

Kuutofautisha si uchawi. Kamshafti huzunguka nusu ya mizunguko ya kranki. Sailensa ikiwa mizunguko 700 kwa dakika, valvu moja iliyolegea itagonga mara 350, konrodi mara 700. Sikio lililozoea huisikia tofauti hiyo. Asiyeliamini sikio lake achomoe soketi za koili, silinda moja baada ya nyingine: mlio wa konrodi hubadilika au hufifia silinda yake inapozimwa, wa valvu unabaki pale pale. Bisibisi ndefu iliyowekwa mpini sikioni itaonyesha kama kinacholia kiko juu kwenye kava ya valvu au chini karibu na sampu. Geji ya shinikizo la oili hufungwa kwenye tundu la swichi yake; taa nyekundu ya dashibodi si kipimo, kwa sababu huwaka shinikizo likiwa limekaribia kwisha. Filta nayo ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Chembe zinazometameta humo ni habari mbaya kwa mnunuzi, lakini ni habari nzuri sana kwa dai lake. Na hapa ndipo ninapowakasirikia wapenzi wa oili nzito: wanaanza kwa kumwaga oili na kutupa filta, yaani wanapeleka ushahidi jalalani.

Watetezi wao wana hoja ya hali ya hewa. Dar joto, wanasema, oili nyembamba inageuka maji. Lakini thermostati huiweka injini iliyopata moto kwenye joto lile lile, karibu nyuzi 80 hadi 90, iwe Temeke au Sapporo, na namba ya pili kwenye kopo la oili hutokana na kipimo cha nyuzi 100. Nakubali kwamba vipo vitabu vya mwenye gari vinavyoruhusu uzito zaidi ya mmoja kulingana na joto la mahali. Nakubali pia kwamba gari la zamani linalokula oili, ambalo halina waranti wala mnunuzi, mwenyewe anaweza kulisukuma kwa oili nzito akipenda. Ni mali yake. Gari la wiki mbili kutoka yadi ni jambo jingine.

Gari hilo lirudi kwa muuzaji likiwa linalia. Tena lirudi jioni, lilale huko. Ukilipeleka asubuhi umeliendesha kwenye foleni saa nzima, fundi wa yadi atasikiliza injini ya moto, atasema hasikii kitu, na huenda anasema kweli. Kabla ya hapo rekodi video injini ikiwashwa baridi, kilomita zikionekana, na uitume kwa muuzaji kwa maandishi, si kwa simu ya mdomo. Oili ikiwa imepungua kwenye dipstiki, ongeza ya namba iliyotajwa kwenye kitabu na uandike umeongeza kiasi gani.

Siku ya kununua pia ina mtego wake. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania, na ile ya Kenya, zote mbili zenye asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, humtaka mfanyabiashara kuuza kitu chenye ubora unaokubalika. Lakini mnunuzi akiwa amekikagua, kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzifichua hawezi kuzilalamikia kwa msingi huo. Kwa hiyo shika boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, mtu amekutangulia kulipasha gari, na huo mlio wa baridi hutausikia leo. Sema utarudi kesho, uone sura zao.

Mabishano makali, hata hivyo, huanza pale muuzaji anapokubali kwamba injini inalia. Nani anafungua, na nani analipa ikifunguliwa? Mnunuzi akimruhusu fundi wa nje, ataambiwa limechezewa. Akisubiri fundi wa yadi, ataambiwa alipie kufungua kwanza, kisha itajulikana kama ubovu unaingia kwenye waranti. Majibu ya maswali hayo mawili yanapaswa kuwa kwenye karatasi kabla funguo hazijapokelewa. Karatasi nyingi nilizoonyeshwa hazina hata moja. Zina "injini na giaboksi, miezi mitatu", mhuri, na sahihi isiyosomeka.